Ukitaka kununua monita, anza na macho yako

Ndugu msomaji, maswali yaletwayo kwenye safu hii aghalabu huhusu jiko, malezi ya watoto, au namna ya kuutumia mshahara ufike mwisho wa mwezi. Juma lililopita, hata hivyo, niliitwa kutoa shauri juu ya chombo ambacho sikukitarajia, na aliyeniita ni mtu ambaye pia sikumtarajia.

Ni mwalimu mstaafu. Jina lake silitaji kwa kuwa ndivyo alivyoniomba. Baada ya kufundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, alifungua duka dogo la kupiga chapa na kutoa fotokopi katika mtaa wa Kizwite, mjini Sumbawanga. Walimu wa shule za jirani humpelekea mitihani aichape, vikundi vya akina mama humpelekea katiba zao, na wenye harusi humpelekea kadi. Wanaohitaji picha za pasipoti hukalishwa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, wakapigwa picha papo hapo. Duka hilo, pamoja na shamba lake la mahindi, ndilo linalomsomesha kijana wake wa mwisho chuoni Mbeya.

Kwa muda wa miezi kadhaa mwalimu huyu alikuwa akiona herufi kwa taabu. Jioni kichwa kilimuuma, na kwenye mitihani aliyoichapa yakaanza kuonekana makosa ambayo zamani asingeyaacha yapite. Akampigia simu kijana wake kumweleza, naye kijana akajibu bila kusita: "Mama, monita yako imezeeka. Tafuta ya 4K. Hizo nyingine zimepitwa na wakati." Mama akauza magunia kumi na mawili ya mahindi, akiba aliyoitenga kwa ajili ya ada, akaagiza monita ya inchi 27.

Nilipofika dukani niliamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa, uone nilichokiuzia mahindi."

Nikaketi, nikaona. Kishale cha kipanya kilisuasua kama mtu avukaye tope. Herufi zilikuwa kubwa, lakini kingo zake zilififia mithili ya maandishi yaliyoingiwa na maji. Siku ya kwanza, alinieleza, zilikuwa kali lakini ndogo kama sisimizi, hata asiweze kusoma neno. Fundi mmoja mpita njia akabonyeza hapa na pale, zikakua na kufifia. Kwa ufupi, monita mpya ilionyesha vibaya kuliko ile kuukuu. Mwalimu aliamini kuwa ameibiwa na muuzaji. Kijana wake, ambaye shauri lilikuwa lake, walikuwa hawajasemezana kwa wiki mbili.

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini monita ile haikuwa na kidonda, wala muuzaji hakumwibia mtu. Kilichokosekana ni kupatanisha mambo manne kabla ya fedha kutoka mkononi: kazi ifanywayo, jicho liangalialo, kompyuta itoayo picha, na waya uipelekao. Hayo ndiyo ningependa tuyazungumze leo, kwani mwalimu huyu hayuko peke yake. Siku hizi watu wengi wanaofanya kazi kwa kompyuta mpakato huhitaji kioo kikubwa zaidi cha kuweka mezani, na wengi hununua kwa kusoma maneno ya kwenye boksi.

NUKTA NA INCHI

Picha yoyote uionayo kwenye kioo cha kompyuta imefumwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, kama vile mkeka ulivyofumwa kwa ukili. Monita ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Ya daraja la kati ina 2560 kwa 1440, ambazo ni nukta 3,686,400. Ile inayoitwa 4K ina 3840 kwa 2160, jumla nukta 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kawaida.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wakidhani kuwa penye nukta nyingi pana ubora mwingi. Lakini mkeka hauhukumiwi kwa idadi ya kili pekee; sharti uulize pia umetandazwa kwenye eneo gani. Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili kwa mshazari. Nukta zile zile za 1920 kwa 1080 zikiwekwa kwenye kioo cha inchi 24, kila inchi moja hupata nukta 92 hivi. Zikitandazwa kwenye inchi 27, kila inchi hubaki na nukta 82 tu, na herufi huanza kuonyesha meno kingoni. Ndiyo maana kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye idadi hiyo hiyo ya nukta huonekana safi mno, kwani humo kila inchi imebanwa nukta 157.

Basi, kanuni ya kwanza ni hii: usiulize tu "ina nukta ngapi?", bali uliza "ina nukta ngapi kwa kila inchi?" Kwa inchi 24, nukta 1920 kwa 1080 zatosha kwa barua, hesabu na mitihani. Ukipanda hadi inchi 27, yafaa upande pia hadi 2560 kwa 1440, ambapo kila inchi hupata nukta 109, kiasi ambacho macho ya wengi huridhika nacho pasipo kubadili jambo lolote katika mipangilio ya kompyuta. Hizo 4K hupata kazi yake hasa kwenye inchi 27 na kuendelea, kwa mtu anayesahihisha picha, anayechora ramani za viwanja au majengo, au anayesoma maandishi mengi kutwa na kutaka herufi kali kama za kitabu kilichochapwa vizuri.

KIOO HAKIZIDI KOMPYUTA

Monita haizalishi picha, huipokea tu. Kompyuta ndiyo mpishi, waya ndio sinia, na monita ndiyo meza. Ukiwa na meza ya watu wanane na sinia la watu wawili, hutaweza kuwalisha wanane kwa safari moja.

Kompyuta ya mwalimu ni ya mezani, ya mtumba, ya aina zilizotumika maofisini ughaibuni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Fundi alikuwa ameiunganisha monita kwa waya wa HDMI. Tundu la HDMI la kompyuta za umri huo, la toleo la 1.4, huweza kupeleka nukta zote za 4K, lakini kwa picha 30 tu kila sekunde, badala ya 60 tulizozizoea. Kishale kilichokuwa kikisuasua hakikuwa na ugonjwa mwingine. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo lililowezesha HDMI kufikisha picha 60 kwa sekunde katika daraja hilo.

Nilichungulia nyuma ya kompyuta. Pembeni ya tundu la HDMI palikuwa na tundu jingine, limejaa vumbi, ambalo pengine halikuwahi kuguswa tangu mashine ifike nchini. Lilikuwa tundu la DisplayPort, na kwenye kompyuta ile ndilo lenye uwezo wa kupeleka 4K kwa picha 60. Dawa ya kishale, kwa hiyo, ilikuwa waya mmoja tu.

Wenye kompyuta mpakato wana mtego wao. Tundu lile dogo la mviringo bapa liitwalo USB-C lipo kwenye nyingi, lakini si kila tundu la sura hiyo hupeleka picha. Mengine hupokea umeme na kuhamisha mafaili tu. Kabla ya kununua monita ya waya huo, soma maelezo ya kompyuta yako, au uende nayo dukani uijaribu mbele ya muuzaji. Na ukiona kompyuta yako ina tundu la VGA pekee, lile pana lenye matundu kumi na matano, basi usihangaike na 4K. Tundu hilo ni la tangu mwaka 1987, na halikubuniwa kwa kazi hiyo.

USIPUNGUZE NUKTA, KUZA HERUFI

Kosa la fundi mpita njia ndilo kosa la wengi, nami nalieleza kwa kirefu kidogo. Kioo chenye nukta nyingi kikiachwa kama kilivyo, kila herufi huchorwa kwa nukta zile zile ilizozoea, na kwa kuwa nukta zenyewe ni ndogo, herufi nayo hudogoka. Mtu huona sisimizi. Fundi akaingia kwenye mipangilio na kuishusha monita kutoka nukta 3840 kwa 2160 hadi 1920 kwa 1080. Herufi zikakua, naam, lakini nukta milioni nane zilizolipiwa kwa mahindi zikafanywa zifanye kazi ya milioni mbili. Huko ni kununua ng'ombe wa maziwa kisha ukamnyonyesha ndama peke yake.

Njia iliyo sahihi ni kuiacha idadi ya nukta ilivyo, kisha kwenda kwenye sehemu ya kukuza maandishi na kuchagua asilimia 150, au hata 200. Hapo kila herufi huchorwa kwa nukta nyingi zaidi, ikawa kubwa na kali kwa pamoja.

Lakini sharti hapa niseme jambo ambalo wauzaji husahau kulisema. Monita ya 4K ya inchi 27 ikikuzwa kwa asilimia 150, nafasi ya kufanyia kazi huwa sawasawa na ile ya monita ya 2560 kwa 1440. Ikikuzwa kwa asilimia 200, huwa sawa na ile ya 1920 kwa 1080. Maana yake ni kwamba aliyenunua 4K akitumaini kufungua karatasi nyingi zaidi kwa wakati mmoja hatakipata alichokitaka. Amenunua ukali wa herufi, hakununua uwanja. Anayetaka uwanja kwa fedha kidogo huenda akanufaika zaidi kwa kuweka monita mbili za kawaida ubavu kwa ubavu.

JICHO NALO LINA UMRI

Tulipokwisha kurekebisha ukuzaji, herufi zilitakata. Nilidhani kazi imekwisha. Mwalimu akasogeza uso, akaurudisha, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ni nzuri, mwanangu. Lakini bado naitafuta."

Ndipo nilipomwuliza miwani ile aliipata wapi. Alijibu kuwa aliinunua ikiwa tayari, sokoni, kwa kusomea gazeti.

Ndugu msomaji, kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho la mwanadamu hupoteza wepesi wake wa kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri, nao haumwachi mtu. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa ajili ya kitabu kilichoshikwa mkononi, umbali wa sentimeta 40 hivi. Monita hukaa mbali zaidi, kati ya sentimeta 50 na 70, yaani urefu wa mkono ulionyooshwa. Avaaye miwani ya kitabu mbele ya monita hulazimika kuinamisha shingo mbele ili kuitafuta herufi, na jioni shingo na kichwa humdai malipo. Hakuna idadi ya nukta itakayotibu jambo hilo.

Nilimshauri aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kupimwa macho, na akifika huko aeleze wazi kuwa anafanya kazi kwenye kompyuta, na ataje umbali kutoka usoni hadi kwenye kioo. Tuliupima pale pale kwa rula yake ya darasani, ukawa sentimeta 65. Akauandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia kwenye pochi. Aidha, nilimkumbusha kuwa kila baada ya dakika 20 ainue macho, aangalie kitu kilicho mbali kiasi cha mita sita kwa muda wa sekunde 20. Upande wa pili wa barabara, kutoka dukani kwake, unatosha kabisa.

MEZA, DIRISHA NA UMEME

Monita ya inchi 27 ina upana wa sentimeta 60 hivi. Meza nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya daftari itaisogeza karibu mno na uso, na mtu atakuwa akigeuza shingo kulia na kushoto kama atazamaye mpira. Pima meza kwanza. Ikiwa kina chake hakifiki sentimeta 60, inchi 24 itakufaa zaidi, au mwagize seremala akuongezee ubao. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Chagua monita ambayo mguu wake hupanda na kushuka. La sivyo, vitabu viwili vinene vitafanya kazi hiyo bila manung'uniko.

Katika nyanda za juu za Ufipa jua huwa jeupe na kali hata siku ya baridi. Usiweke monita ikitazamana na dirisha, kwani kioo kitarudisha mwanga; wala usiiweke dirisha likiwa nyuma yake, kwani macho yatapigana na mwanga wa nje. Dirisha likae ubavuni. Kioo kisichong'aa, chenye uso mkavu, kinafaa zaidi kuliko kile king'aacho kama maji, ingawa hicho cha pili ndicho kinachovutia dukani. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, monita ikiwa imezimwa. Sabuni na spiriti ni adui wa kioo hicho.

Kuhusu umeme, wenyeji wa Sumbawanga hawahitaji kufundishwa. Mji huu kwa miaka mingi ulitegemea umeme ununuliwao Zambia kwa kuwa gridi ya Taifa ilikuwa haijaufikia, na watu wake wanaijua adha ya taa kuzimika ghafula na kurudi kwa kishindo. Kompyuta mpakato ina betri yake, lakini monita ya mezani haina; umeme ukikatika kioo huzimika hata kama kompyuta inaendelea kufanya kazi. Kifaa cha kurekebisha nguvu ya umeme, au betri ya akiba iitwayo UPS, kihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya monita tangu mwanzo, kisiachwe hadi siku ya hasara.

SIKU YA KUNUNUA

Usiilipie monita ambayo hujaiona ikiwaka. Omba ifunguliwe ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu. Nukta iliyokufa itajitokeza kama doa kwenye kanzu. Simama ubavuni mwa kioo utazame kama rangi zinabadilika. Vioo vya aina ya IPS huhifadhi rangi ukivitazama kutoka upande wowote, jambo la maana kwa duka ambamo mteja husimama kando akiikagua kadi yake ya harusi. Ya mtumba si dhambi. Lakini iache iwake kwa dakika kumi na tano mbele yako, na uhakikishe mguu na nyaya zake zipo.

Jihadhari pia na anayekushauri ununue televisheni ya 4K uitumie kama monita kwa sababu ni kubwa na bei yake ni nafuu. Kwa kutazama mpira inafaa. Lakini baadhi ya televisheni hupunguza taarifa za rangi katika picha zinazozipokea, na herufi ndogo za rangi zikafifia. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na muda wa dhamana uandikwe juu ya karatasi. Lihifadhi boksi, kwani kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilometa 1,000, na monita inayorudishwa bila boksi lake ni mzigo wa mashaka. Safarini isimamishwe wima, isilazwe kifudifudi chini ya mizigo ya watu.

Je, Mwalimu alikosea kununua? Nilipomweleza yote haya aliniuliza swali hilo bila kuzunguka, nami sikumficha. Kwa mitihani na katiba za vikundi, monita ya inchi 24 yenye nukta za kawaida na miwani iliyopimwa vingemtosha, na magunia kadhaa yangebaki ghalani. Kwa picha za pasipoti na kadi za harusi, hii aliyo nayo itamsaidia kuona dosari kabla karatasi haijaharibika. Nusu ya fedha ilikwenda mahali pake. Nusu nyingine ni ada ya somo.

"Ada nimelipa nyingi maishani," alisema, "hii si ya kwanza."

Siku ya tatu waya ulifika kwa basi kutoka Mbeya. Aliyeupeleka stendi ni kijana wake, baada ya mama kumpigia simu na kumsomea jina la tundu, herufi moja moja, kama aliyekuwa akimwandikisha imla. Walizungumza kwa dakika ishirini, na Mwalimu aliniambia kuwa habari ya waya ilichukua mbili tu. Ada ya muhula bado haijatimia. Ameniambia ataitafuta kwa kadi za harusi za msimu huu, na kijana ameahidi kuja likizo kumsaidia kuzipanga.

Nawe msomaji uliye na nia ya kununua, chukua rula kabla ya kuchukua pochi. Pima meza yako, pima umbali kutoka usoni, chungulia matundu ya kompyuta yako, na kama umevuka miaka arobaini, yapime kwanza macho. Hayo yote yatakugharimu asubuhi moja tu.

Tukutane Jumapili ijayo.